Juma Alilopumzika Mlinzi wa Waya

Ukikutana naye njiani ukiwa na ng'ombe, alimsalimu ng'ombe kwanza. Wewe ulisimama pembeni na salamu yako mdomoni, yeye anamshika mnyama pua, anainua mdomo wa juu kwa kidole gumba, anachungulia ufizi, kisha ananusa pumzi. Akiridhika ndipo alipokugeukia na kusema, "Haya, nyumbani hawajambo?" Watu wazima walinung'unika. Mama yangu alisema ipo siku atajisahau, atamwinua mdomo mama mkwe wa mtu.

Sisi tulimwita Mlinzi wa Waya, na wakubwa walimwita Mlinzi tu. Jina lake la ubatizo lilikuwamo kwenye kitabu cha kanisa, lakini sikumsikia mtu akilitumia. Alikuwa jirani yetu, shamba la pili kutoka kwetu, mjane asiye na mtoto wa kumpikia.

Siku hizo za Mwingereza, waya ulikuwa umevutwa mpakani hapo Tunduma, baina yetu na upande wa Rodesia. Haukuwekwa kuzuia watu. Sisi tulipita mlangoni kwa miguu, tukienda kuwaona wajomba, kuzika, kunywa pombe za mavuno, maana ukoo ulikuwa mmoja huku na huko. Uliwekwa kuzuia ng'ombe na nyati wasivuke, wa huku wala wa kule, kwa sababu ya sotoka, tauni ya ng'ombe. Mlinzi alikuwa na kipande chake cha kutembea, kutoka kilima cha mawe hadi kijito. Asubuhi alikagua nguzo na nyaya. Jioni alirudi njia ileile na fagio la matawi, akifagia ardhi kando ya waya, ili kwato yoyote itakayokanyaga ionekane kesho yake. Watu walicheka kwamba ndiye mtu pekee duniani anayefagia pori, na uani kwake vinyesi vya mbuzi vimejaa hadi mlangoni.

Alikuwa mwoga, na hakuficha. Wanaume wa kwetu wakiogopa hukohoa, au hugombeza mke. Yeye alisema, "Naogopa," kama mwingine anavyosema ana njaa. Aliogopa mawingu ya upande wa kusini, aliogopa tai wakizunguka mahali pamoja, aliogopa ukimya wa ndege. Alikuwa na methali aliyoipenda, kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, na aliitoa kila alipotaniwa. "Nicheke mimi," alisema, "nyinyi msije mkalia." Kanisani alikuwa na sauti nzito nzuri, tukiimba tulimfuata yeye, lakini katikati ya sala angefungua macho, akasikiliza kitu, akachukua kofia yake akatoka. Mchungaji alikwisha kuzoea. Alingoja kidogo kisha akaendelea na Amina.

Ajabu ni kwamba mtu huyu aliyeishi kwa ajili ya ng'ombe hakuwa na ng'ombe hata mmoja. Hakula nyama yake, hakunywa maziwa yake, na ukimwambia akushikie ndama ukamue mama yake, mikono ilimtetemeka. Niliwahi kumuuliza kwa nini hafugi. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita au saba, mdomo mrefu, nauliza yasiyonihusu.

"Nikiwa na wangu nitamlinda wangu," alisema.

Utoto wake hakuusimulia, ila mara moja. Alisema kwao sotoka ilipita, na ilipomaliza, tai walikuwa wameshiba hata wakawa wanatembea kwa miguu. Baba yake aliendelea kufungua lango la zizi kila asubuhi kwa miezi mingi, na hapakuwa na kitu cha kutoka. Alinieleza pia namna inavyoanza, akitaka niikariri kama katekisimu. Kwanza homa, mnyama anaacha majani. Kisha machozi na udenda. Kisha fungua mdomo: ufizi umekuwa mwekundu, na juu yake kuna vidonda vidogo vyeupe, kana kwamba mtu amemwagia pumba za mahindi. "Ukiona pumba," alisema, "usingoje. Kimbia uniite. Na mimi nitakimbia kumwita Bwana Mifugo, na watakuja na bunduki, na watapiga zizi zima na zizi la jirani." Nilimuuliza kama ataweza kufanya hivyo kwa majirani zake. Alisema ataweza. Nilimwamini, na tangu siku ile nami nikawa namwogopa yeye zaidi ya sotoka.

Sasa nifike kwenye lile juma, maana ndilo lililonifanya nimkumbuke hadi leo.

Bwana Mifugo, Mzungu mmoja mrefu, alipita kukagua waya akamkuta Mlinzi amesimama wima ameegemea nguzo, macho wazi, amelala. Alipomgusa bega, Mlinzi alipiga yowe akaripoti nyayo za nyati ishirini. Walikwenda wakatazama. Hapakuwa na kitu, ila alama za fagio lake mwenyewe. Bwana Mifugo hakukasirika. Alimwambia akae nyumbani juma zima, alale, ale, asiuguse waya, na ataletwa mlinzi mwingine kushika kipande chake. Mlinzi aliomba asifanyiwe hivyo. Aliomba kama mtu anayefukuzwa kazi. Mzungu akasema ni amri.

Kwetu mtu hakuwa na desturi ya kukaa nyumbani bure. Uliyekaa nyumbani Jumatatu ulikuwa mgonjwa, au una msiba, au una mtoto mchanga. Basi majirani walipomwona amekaa uani asubuhi, wakaja na unga na kuni kumpa pole. Akawaambia yu mzima, anapumzika. Wakatazamana, wakaacha unga, wakaondoka wakizungumza chini chini. Siku ile alifua nguo zake mara tatu. Mwisho alichukua kigoda, akakiweka kuuelekea ukuta wa nyumba, akakaa akiutazama udongo.

"Baba Mlinzi," mama yangu alimwambia, "mtu hupumzika akiangalia nje."

"Nikiangalia nje nitauona waya. Nikiuona nitakwenda."

"Sasa unaogopa nini? Si yupo mwenzio?"

"Naogopa nikipumzika nitapenda."

Mama alicheka. Lakini nyumbani aliponiambia nichukue uji nimpelekee, na mchana ugali wa maharage, na togwa, sauti yake ilikuwa nyingine. Nilijua anawaza nini. Kaka yangu alikuwa amechumbia, na baba wa msichana alitaka ng'ombe, si ahadi. Ng'ombe wetu wa mahari alikuwapo: mtamba mmoja mwekundu, mzuri, aliyekuwa kwa mjomba, upande wa pili wa waya. Kwa miaka miwili alikuwa analiwa na macho tu. Na wakati huohuo habari zilikuwa zimevuma kwamba ng'ombe wanakufa huko ng'ambo, ingawa hakuna aliyejua ni wapi hasa.

"Mlinzi apumzike," mama alisema. "Apumzike vizuri. Wewe kaa naye."

Kazi yangu ilikuwa hiyo. Sikuambiwa kwa maneno zaidi, na sikuuliza.

Jumanne alikigeuza kigoda nusu. Jumatano jua lilipotoka alikuwa bado amelala, kitu ambacho hakuna mtu aliyepata kukiona. Nilipofika na uji alitoka nje akijinyoosha, akatazama mlima, akasema asubuhi ni kitu kizuri, hakuwahi kuiona bila kutazama chini. Alikula akaongeza. Alinisimulia habari za mbuzi aliyekula barua ya Bwana Mifugo, akacheka hadi akashika mbavu. Mchana alikiweka kigoda juani, akiwa ameuelekea kabisa uwanda, akaegemeza kichwa ukutani, akalala mdomo wazi. Mimi nilikuwa mkekani nikimenya karanga. Niliona yule mlinzi mgeni kwa mbali akielekea kwenye kivuli na chakula chake. Kisha nikaona waya ukiinuliwa, na kaka yangu akipita, na mtamba nyuma yake.

Moyo ulinipiga hata nikaogopa ataamshwa na moyo wangu. Walikuwa wanapita mchana kweupe, hatua mia mbili kutoka tulipokaa. Mtamba alisimama, akatazama huku na huku. Kaka akamvuta. Akatembea kidogo, akasimama tena.

"Ng'ombe anapita," Mlinzi alisema. Macho yake yalikuwa yamefumbwa.

"Ni wa kwetu," nikasema. "Anakwenda kunywa maji."

Karanga zilikuwa zinaniponyoka vidoleni.

"Anatembea kama mgeni," alisema.

Nilingoja ainuke. Hakuinuka. Baada ya muda pumzi yake ikarudi kuwa nzito, nikaendelea kumenya, na hadi jioni sikuthubutu kumtazama usoni.

Mtamba tulimficha kwenye kibanda cha kuhifadhia mahindi. Kutoka nje hakuweza, watu wangeuliza, kwa hiyo mama alimlisha ndani. Ijumaa alfajiri mama aliniamsha bila kusema neno akanipeleka. Mtamba alikuwa ameinamisha kichwa. Majani ya jana yalikuwa pale pale. Macho yake yalitoa machozi, na udenda ulining'inia hadi sakafuni.

Mama alikaa chini, palepale kwenye mavi. Kaka alisema ni uchovu wa safari. Mama akasema ndiyo, ni uchovu. Kisha tukanyamaza wote watatu, kwa sababu hakuna aliyekuwa hajafundishwa na Mlinzi. Nje niliwasikia ng'ombe wa majirani wakitolewa mazizini, kila zizi na kengele zake, na akilini nikawaona wote wamelala na miguu juu. Sijapata kuogopa namna ile tena, hata siku za kuzaa. Tukinyamaza, tunaua nchi. Tukisema, kaka anakwenda gerezani, ng'ombe wanapigwa risasi, na mlango wetu hautaingiwa na mtu hadi tufe.

Nilitoka mbio. Mama hakunizuia.

Mlinzi alikuwa kwenye kigoda chake, amekigeuza tena ukutani. Nilimwambia yote kwa pumzi moja: mjomba, mahari, Jumatano, udenda. Hakugeuka. Nilifika mwisho nikabaki nimesimama.

"Pumba umeona?" aliuliza.

"Hatujamfungua mdomo."

"Nenda. Mwambie mama yako awashe moto achemshe maji. Nakuja."

Alikawia. Tulimwona akizungukazunguka ua wake wa miiba, kama mtu anayetafuta kitu, kisha akaja taratibu, mkono mmoja mfukoni. Alituamuru wote tubaki nje. Alikaa kibandani muda wa kuchemka sufuria mbili. Tulisikia mtamba akikoroma, tukasikia kwato. Mama alikuwa anasali, ila alikuwa amekwama kwenye "Baba yetu," anarudia hayo mawili tu.

Mlinzi alitoka, akafungua kiganja. Ndani yake kulikuwa na mwiba mrefu.

"Ulikuwa umechoma ulimi," alisema. "Ndiyo maana hali, ndiyo maana anatoa udenda."

Mama aliuchukua ule mwiba akaubusu. Nami niliushika. Ulikuwa mkavu, na nilikumbuka baadaye kwamba nilishangaa kidogo, lakini mtu aliyepewa uhai haulizi kwa nini haujalowa. Mlinzi akatoa maagizo. Mtamba asitoke kibandani siku kumi na nne, kidonda cha mdomoni ni kibaya, kinataka giza. Majani aliyolalia yachomwe kila siku. Anayeingia kwake anawe kwa maji ya moto, na asikaribie zizi lolote. Tulisema ndiyo kwa kila neno. Angetuambia tumwimbie, tungeimba.

Kisha akasema kitu kilichotuchekesha. Aliomba kigoda. Akakiweka uani kwetu, mbele ya mlango wa kibanda.

"Juma langu halijaisha," alisema. "Nitapumzikia hapa."

Alipumzika hapo Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, kutwa. Hata kanisani hakwenda. Juma lilipokwisha alirudi kazini, lakini kila jioni, baada ya kufagia, alikuja akakaa, fagio magotini, anatazama mlango. Majirani wakaanza kusema Mlinzi ameonja kupumzika, na sasa anamtaka mama yangu, mjane mwenzake. Mama alikanusha kwa sauti kubwa, na alianza kuvaa kitambaa kizuri. Mtamba alirudia kula. Siku ya kumi na tano Mlinzi alikuja, akamwinua mdomo mbele yetu sote, akamnusa, akaenda zake. Hakuja tena kukaa. Mama alikasirika kwa miezi.

Kaka yangu alioa. Mtamba alizaa huko alikopelekwa, akazaa tena. Mimi niliolewa Iyula, kwenye kahawa, nikawa na nyumba yangu na watoto, na hofu zangu zikawa za kawaida: mvua, surua, bei. Ikawa kisa cha kuchekesha, nikakisimulia barazani mara nyingi, namna tulivyokaribia kufa kwa sababu ya mwiba.

Miaka kumi na mitano hivi baadaye, mama akiwa amekwisha kufariki, nilisikia kwamba Mlinzi ameacha kazi, anakaa kwa binti wa dada yake karibu na Mbozi Misheni. Nilimchukulia karanga. Nilimkuta ndani, mchana, kwenye kigoda, uso umeelekea ukutani. Binti huyo alininong'oneza kwamba ndivyo anavyokaa. Halali vizuri, alisema. Huamka akauliza kama kuna zizi lililonyamaza.

Alinitambua kwa sauti. Aliuliza watoto, aliuliza kahawa. Kisha akauliza kile alichokuwa akikingoja.

"Yule mtamba alikufa lini?"

"Juzi juzi tu, baba. Kwa uzee. Meno yalikuwa yamekwisha."

Alifumba macho. Nilidhani amesinzia, nikaanza kumenya karanga, kwa mazoea.

"Ule mwiba," alisema, "niliuvunja kwenye ua wangu. Nilikuja nao mfukoni."

Mikono yangu ikasimama.

"Jumatano ile nilimsikia. Nilijua ni mgeni, nilijua ametoka wapi. Nilikuwa nimechoka kuogopa, mwanangu. Nikasema, leo moja tu. Ulipokuja Ijumaa ukaniambia, niliona ng'ombe watakaopigwa risasi watapigwa kwa ajili ya usingizi wangu. Sikuweza. Nikavunja mwiba kabla sijamwona mnyama."

"Na ulipomwona?" nikauliza. "Mdomoni ulikuta nini?"

"Ufizi mwekundu. Na pumba."

Niliogopa upya, miaka kumi na mitano baadaye, mtamba amekwisha kuzikwa kwa uzee.

"Nilizifuta kwa kidole, zikatoka. Lakini za sotoka nazo hutoka. Nikakaa mlangoni kwenu nikingoja zizi la kwanza kunyamaza. Ningejua ni mimi niliyeliua. Hapakunyamaza zizi. Lakini sikujua ni kwa nini, na mtu asiyejua ni kwa nini amenusurika huendelea kungoja."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Kinu cha mama, ungo, na mimi mwenyewe nikipepeta gizani ili majirani wasione, kwa sababu mtamba hakutaka majani.

"Baba," nikasema, "zilikuwa pumba."

"Ndiyo. Nimekuambia."

"Pumba za mahindi. Mama alimpa tangu Jumatano usiku, alikuwa amefichwa, hatukuweza kumtoa malishoni. Mimi ndiye niliyezipepeta. Zilikuwa kavu, vumbi tupu; labda ndizo zilizomkwaruza ufizi na kumtoa machozi na udenda. Na Ijumaa ile, kabla hujafika, mama alijaribu kumlisha tena."

Midomo yake ilikuwa inacheza. Nilijisikia vibaya sana, kwa maana kisa hiki nilikisimulia miaka yote nikicheka, naye alikuwa amekaa ndani yake peke yake.

"Mbona hukuuliza tulimlisha nini?"

"Ningeulizaje," alisema, "na mwiba nimekwisha kuwaonyesha?"

Kisha akaniomba nimsaidie kusimama. Nikamshika mkono, akasimama, nikageuza kigoda kuelekea mlangoni, kwenye mwanga, nikamkalisha. Aliangalia nje. Palikuwa na migomba, na kuku, na barabara ya misheni ambayo haikuwa na mtu. Aliegemeza kichwa ukutani. Niliendelea kumenya karanga polepole, nikiziweka kwenye bakuli bila kelele, na niliposikia pumzi yake imekuwa nzito niliacha kabisa, nikakaa.